Amana ya Sanamu

Asiyekujua hakuthamini. Methali hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, nimewatungisha wanafunzi wangu insha juu yake, na kwa miaka kumi nilidhani kwamba naielewa. Nilikuja kuifahamu barabara siku nilipoharibu kitu cha mwenzangu kwa maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na nia njema kabisa. Habari hiyo ndiyo nitakayokusimulia, msomaji. Si ya kujisifu, lakini mwalimu anayeficha makosa yake huwanyima wanafunzi nusu ya elimu aliyo nayo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia. Nilijifunza kazi hii katika chuo cha walimu, na sasa nafundisha katika shule moja ya sekondari upande wa magharibi wa Nairobi. Nakaa Kangemi, katika nyumba ya vyumba viwili. Katika shule yetu alikuwapo mama mmoja, mwenyeji wa Sri Lanka, aliyefundisha hisabati. Umri wake ulikaribia miaka sitini. Alikaa Lavington, ng'ambo ya barabara ya Waiyaki, na mara nyingi tulirudi pamoja jioni tukizungumza habari za masomo na wanafunzi. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mama.

Mwishoni mwa mwaka 2024, shule zilipokuwa zimefungwa, alipata habari kwamba mama yake mzazi alikuwa mgonjwa sana huko Kandy. Siku ya pili yake alikuja kwangu kwa teksi, amepakata kifurushi kama mtu apakatavyo mtoto. Alikifungua mezani, nikaona sanamu ya Buddha, ya kuchongwa kwa mkono, yenye urefu wa futi moja hivi.

"Nyumba yangu itapakwa rangi nikiwa safarini," aliniambia, "na vyombo vyote vitarundikwa chumba kimoja. Siwezi kuiacha hii katikati ya masanduku na viatu. Nakuwekea amana, Mwalimu. Iweke mahali pa juu, isikae chini wala miguuni mwa watu. Sina neno jingine."

Niliiweka juu ya kabati la vitabu, akaondoka.

Wiki ile mama yangu mzazi alikuja kututazama kutoka Murang'a. Alipoingia sebuleni macho yake yalikwenda moja kwa moja juu ya kabati. "Mwanangu," aliuliza, "umeleta sanamu katika nyumba ya Wakristo?" Nilimjibu kwamba sikuileta niiabudu, ilikuwa amana ya mwalimu mwenzangu. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kama ni amana ya watu, basi itunze vizuri kuliko vitu vyako. Lakini mimi sitalala nayo chumba kimoja." Na kweli usiku ule nilimpisha chumbani, nikalala mimi sebuleni.

Neno la mama kwamba niitunze vizuri lilinikaa moyoni. Asubuhi niliishusha sanamu na kuitazama kwa makini. Ilikuwa imechongwa kwa mti wa mfenesi. Ilikaa imekunja miguu juu ya ua, macho yamefumba nusu. Mkono wa kushoto ulitulia mapajani, na wa kulia umeteremka mbele ya goti, vidole vikigusa chini. Uso, mabega na kifua vilikuwa vimefunikwa na weusi mzito wenye mafuta mafuta. Nilidhani ni uchafu wa miaka mingi. Nilijiambia kwamba Mama atafurahi atakapoikuta inang'aa.

Basi nilichukua beseni, maji, sabuni ya mche na burashi ya kufulia, nikaisugua. Maji yaligeuka meusi kama wino. Nusu saa baadaye uso wa sanamu ulitoka wa rangi ya manjano iliyoiva, nami nikafurahi kama fundi. Nikaiweka juu ya ukuta wa uani, katika jua kali la Desemba, ikauke. Jioni nilipoifuata nilikuta ufa umeshuka kutoka shingoni hadi kifuani, wa upana wa kuingia ukucha.

Msomaji, sasa nakuja kwenye sehemu inayonitia haya zaidi. Nilichofanya kwanza hakikuwa kutafuta msaada wala kumpigia Mama simu. Nilichukua dawa ya viatu ya rangi ya kahawia nikaipaka katika ule ufa ili usionekane. Ulionekana vilevile, na sasa ulinuka viatu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kulipopambazuka niliifunga sanamu katika shuka, nikapanda matatu kwenda mjini, nikaingia katika soko kuu la barabara ya Muindi Mbingu. Ndani yake, karibu na wauzaji wa maua, wako watu wauzao vinyago vya miti na vyombo vya mawe kutoka Kisii. Nilimtafuta mtu anayeuza na kuchonga pia, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kikamba, mzaliwa wa Wamunyu.

Yumkini umepata kusikia jina la Wamunyu, kwa kuwa sanaa ya vinyago vya Wakamba inayojulikana dunia nzima ilianzia huko. Mtu mmoja jina lake Mutisya Munge alichukuliwa katika jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, akafika Tanganyika. Huko aliwaona Wazaramo wakichonga, akajifunza kwao, na aliporudi Wamunyu akawafundisha jamaa zake. Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi tangu hapo. Nakukumbusha habari hii ili ujue kwamba mzee niliyemwendea hakuwa mchuuzi tu. Alikuwa mrithi wa elimu.

Aliipokea sanamu kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako chake na mwingine mgongoni, akaigeuza polepole. Akanusa ule ufa, akanitazama. Nilikiri yote.

"Mti haufi siku unapokatwa," alisema. "Hunywa maji ya hewa na kuyatoa, ukivimba na kusinyaa, hata baada ya miaka mia. Uliuosha, ukanywa. Ukauweka juani, ngozi yake ikakauka upesi na moyo wake bado umelowa. Ngozi ikataka kusinyaa, moyo ukakataa, ndipo ikapasuka. Sisi tukichonga mti mbichi huufukia katika machujo ya mbao, ukauke pole pole. Huu usiuguse sasa. Ufunge katika kitambaa cha pamba, uuweke kivulini kwa wiki kadhaa. Huenda ufa ukajifunga kidogo. Ukiuziba leo kwa gundi, kesho mti utapasukia pengine."

Nilimshukuru, nikataka kuondoka. Lakini alikuwa bado anautazama uso wa sanamu. Akaniuliza, "Weusi huu uliotoa, mwenyewe alikuambia uutoe?"

Nilimjibu kwamba hakuniambia.

"Haya," alisema, akanirudishia sanamu yangu. Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Swali lile lilinifuata hadi barabarani. Badala ya kurudi nyumbani nilipanda kwa miguu hadi kwenye kilima cha makumbusho, karibu na Westlands, ambako majengo yake yamesimama tangu 1930. Nilibahatika kuonana na afisa mmoja anayehusika na hifadhi ya vitu vya kale. Alinifundisha mambo ambayo kila mwenye kitu cha mti angefaa kuyajua. Kitu cha kuchongwa hufutwa vumbi kwa burashi laini iliyo kavu, bila maji, bila sabuni, bila mafuta. Hukaa mbali na jua, na moto, na ukuta wenye unyevu. Hushikwa kwa mikono miwili kutoka chini. Hakinyanyuliwi kwa shingo wala mkono, maana huko ndiko kunakovunjika kwanza. Ukiona matundu madogo na unga laini chini yake, ujue wadudu wamo ndani. Na la mwisho ndilo kubwa: usiondoe kitu chochote juu yake mpaka umejua ni nini na kimefikaje hapo.

Nikamwambia, "Basi kazi yenu ni kuzuia vitu visiharibike."

Alitabasamu. "Aghalabu ni hivyo. Lakini kuna vitu vilivyotengenezwa ili vioze, nasi twajua." Akanisimulia habari ya vigango.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, nyembamba, yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu. Mara nyingi hupita urefu wa mtu mdogo. Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, huwachongea wazee wao waliokuwa katika chama cha Gohu baada ya kufa kwao. Mara nyingi marehemu humjia jamaa yake katika ndoto, au nyumba huingiwa na maradhi, ndipo huambiwa kwamba mzee anataka kigango chake. Kikishasimikwa huwa ni makao ya roho ya mzee yule. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na mtu akakisemesha kama anavyosemesha mkubwa wake. Walakini hakipakwi dawa wala kujengewa paa. Jua na mvua na mchwa ni vyake. Hata ukoo ukihamia mahali pengine, kigango hubaki pale pale kilipokitwa mpaka kiishe. Kukihamisha ni kumng'oa mzee.

Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru katika kijiji cha Chalani, amesimama na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Mzee alifariki 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999 Udvardy akakitambua kimoja katika mali ya makumbusho moja huko Illinois, Marekani. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa kwa ukoo wake Juni 2007. Vingine vingi viliuzwa na kutawanyika hivyo hivyo, na vingine vimerudi Kenya: mwaka 2023 vilirudishwa 37 kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois.

"Sasa fikiri," aliniambia afisa yule. "Huko ng'ambo vilitunzwa vizuri sana. Hapakuwa na mchwa wala mvua. Vilifutwa vumbi, vikamulikwa taa. Lakini mwenye kigango hakuwa na haja na hayo, alitaka kiachwe. Utunzaji wao ulikuwa wa ustadi mwingi, na wenyewe waliuita wizi."

Niliteremka kilimani na kifurushi changu, nikitembea taratibu.

Siku zilizobaki nilizitumia kufanya jambo ambalo ningalipaswa kulitanguliza, yaani kujifunza ni nini nilichokuwa nacho. Nilisoma kwamba dini hii si ngeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha lililoasisiwa na Wasinhala waliofika huko mapema katika karne ya 20. Nilisoma kwamba Buddha alikuwa mwana wa mtawala, Siddhartha kwa jina, aliyezaliwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita mahali ambapo leo ni Nepal. Na kwamba kwa karne kadhaa baada ya kufa kwake, wafuasi hawakuchonga umbo lake. Walichonga gurudumu, au nyayo, au mti, au kiti kitupu.

Nilijifunza pia kusoma mwili wa sanamu kama usomavyo kitabu. Masikio yake ni marefu kwa kuwa alipokuwa mwana wa mfalme alivaa vipuli vizito vya dhahabu. Aliviacha alipoacha mali, lakini masikio yakabaki na alama ya alichokiacha. Uvimbe wa utosini ni dalili ya hekima. Ua analokalia hufanana na yungiyungi, ambalo mizizi yake imo matopeni na petali zake huchanua safi juu ya maji. Na ule mkono wa kulia una kisa. Usiku alipokuwa chini ya mtini akiutafuta ukweli, mshawishi alimjia akamwuliza ni nani shahidi wake. Hakuita malaika wala jeshi. Aligusa ardhi kwa vidole, ardhi iwe shahidi.

Katika Sri Lanka, sanamu kubwa za hekaluni huachwa bila macho mpaka mwisho. Siku ya kuyachora ina ibada yake, na mchoraji huipa sanamu mgongo, akachora huku akitazama katika kioo, maana hathubutu kukutana uso kwa uso na macho yanayofunguka. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka burashi yangu ya kufulia, nikaona haya peke yangu chumbani.

Mama alirudi Januari, katikati ya mwezi. Mama yake alikuwa amekwisha zikwa. Nilikwenda Lavington jioni, na kabla sijafungua kitambaa nilisema, "Mama, pole kwa msiba. Nami nimekuongezea mwingine. Amana yako nimeiharibu." Nikamweleza tangu sabuni hadi dawa ya viatu.

Alifungua mwenyewe. Kidole chake kilipita juu ya ufa, ambao kwa kweli ulikuwa umepungua, ingawa haukuisha. "Huu si kitu," alisema. "Mti ni mti. Dini yetu inatufundisha kwamba kila kilichounganika kitaachana."

Kisha akaugusa uso wa sanamu, akauacha mkono wake pale.

"Masizi yako wapi?" aliuliza.

Sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini. Sanamu ile ilikuwa ya mama yake. Kila jioni, kwa zaidi ya miaka arobaini, mama yake aliwasha mbele yake taa ndogo ya mafuta ya nazi, na moshi wa taa ile ndio uliotia weusi usoni na kifuani. Alipomkabidhi sanamu siku ya kuja Kenya, alimwambia asiioshe.

"Nimetoka kumchoma mama yangu moto kwa desturi ya kwetu," alisema. "Njiani nilijiambia kwamba jioni zake ziko Nairobi, nitazikuta."

Msomaji, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule na mbele ya wazazi wenye hasira, sikukosa la kusema. Siku ile nilikosa. Baada ya muda mrefu nilisema kwamba sikujua.

"Ungeniuliza," alijibu. "Nilikuwa na simu, Mwalimu."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Muhula ule tuliamkiana kila siku kwa adabu, lakini jioni alirudi kwake peke yake, nami sikumlaumu. Muhula wa pili ulipokaribia kwisha alinialika kunywa chai. Sanamu ilikuwa juu ya rafu yake. Ufa ulionekana, hakuuziba. Mbele yake palikuwa na taa ndogo ya udongo, na kwenye kidevu cha sanamu niliona kivuli chembamba cheusi, si kipana kuliko ukucha. Sikusema kitu, wala yeye hakusema. Tulikunywa chai.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji kijana. Yumkini hutakabidhiwa sanamu ya Buddha maishani mwako. Lakini nyumbani kwa nyanya yako kuna kigoda kilichoinama upande mmoja, au kisu chenye mpini uliofungwa kamba, au kibuyu cheusi ndani. Ulizia vibuyu vya maziwa vya Wakalenjin: ule weusi ni mkaa wa mti maalumu, hupakwa kwa makusudi ili maziwa yapate ladha na yadumu. Kijana wa mjini akisugua kibuyu kile hadi kiwe cheupe, atakuwa amefanya kazi nyingi ya kuharibu. Vitu hivi vyote vina wenyewe, na wenyewe wazee, na wazee hawakai milele. Leo wanaweza kujibu swali lako. Kesho litabaki swali.

Nami sikuambii uyaamini wanayoyaamini. Mama yangu hakuiamini sanamu ile, hata hivyo alinihimiza kuitunza kuliko vitu vyangu. Na naona yeye aliifahamu amana kuliko mimi niliyesoma chuoni. Dini yako ni yako. Lakini kitu cha mwenzio kinapokuwa mikononi mwako, heshima yake haipimwi kwa imani yako, hupimwa kwa yake.

Kuuliza si ujinga. Hii nayo nimeiandika ubaoni mara nyingi. Tangu mwaka ule, nikiwaandikia wanafunzi methali ya kwanza, huwaandikia na hii ya pili chini yake, kwa sababu nimeona kwamba moja bila ya nyingine haitoshi.